Mambo ya Nyumbani: Mawaridi Matatu na Maua ya Uani

Karani mmoja wa Nakuru alikuwa akimngojea mama mkwe wake, aliyekuwa akija kukaa nao baada ya kutoka hospitali. Ilikuwa mwezi wa Juni. Siku ya Jumamosi, adhuhuri, karani alinunua kando ya barabara fungu zima la mawaridi mekundu, akalichukua mkononi juani mpaka nyumbani, akalitumbukiza katika jagi la maji likiwa limefungwa vivyo hivyo kwa mpira. Jumapili asubuhi mgeni alipofika, maua yote yalikuwa yameinamisha shingo kama watu wanaosinzia kanisani. Karani aliona haya, hasa akikumbuka bei aliyolipa.

Yule mama alikuwa amefanya kazi miaka mingi Naivasha katika banda la kufungia maua. Hakucheka. Alimwambia binti yake, "Mwanangu, maua haya yamo majini, lakini yanakufa kwa kiu. Niletee beseni na kisu kikali."

Maneno yake yalikuwa ya kweli. Ua likatwapo na kukaa bila maji, hewa huingia katika vijia vyembamba vilivyomo ndani ya kikonyo, ikazuia maji kupanda. Tena majani yaliyozama majini huoza, na uchafu wake huziba vijia hivyo. Mama alikata ncha za vikonyo kwa mshazari, kiasi cha upana wa vidole viwili, huku zimo ndani ya maji. Kisha akayalaza mawaridi mazima katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa saa moja. Mengine yalikuwa yamekwisha kabisa, lakini matatu yaliinua vichwa. Matatu yalitosha.

Watu wengi hudhani ya kuwa chombo cha maua sharti kijazwe maua ya kununua. Sivyo. Mawaridi mengi ya Naivasha hupelekwa Ulaya kwa ndege, ambako wanunuzi hupenda vikonyo virefu vilivyonyoka. Yenye vikonyo vifupi au vilivyopinda mara nyingi huuzwa papa hapa nchini. Kwa bakuli dogo la mezani kikonyo kifupi si kasoro hata kidogo, kwa kuwa kirefu kingekatwa vilevile. Basi yatosha kununua machache ambayo matumba yake yameanza kufunguka, na mengine yatafutwe uani.

Uani kila majira yana yake. Zinia zilizopandwa mvua za masika zianzapo huwa tayari kukatwa baada ya miezi miwili hivi, na zilizopandwa mwezi wa Oktoba hufaa kwa Krismasi. Wakati wa kiangazi, bustani ikiwa kavu, boganvilia ndiyo hupamba ua, ingawa hunyauka upesi isipotiwa majini mara tu ikatwapo. Haibiskasi ni ya siku moja tu. Hiyo na iwekwe siku ya wageni, si kabla. Kwa majani ya kuzungushia, kangaga wa mtoni hufaa, na mrehani huongeza harufu. Mashuke mawili matatu ya mtama hupendeza kuliko mapambo mengi ya dukani. Ua la mkahawa nalo linanukia vizuri mno, lakini mkulima akimwona mtu akilikata atauliza, wala si bure, ni nani atakayelipa kahawa ile.

Maua ya uani na yakatwe alfajiri au jioni, yatiwe mara moja katika ndoo ya maji, yakae kivulini saa mbili tatu kabla ya kupangwa. Katika bakuli, kipande cha waya wa banda la kuku kilichokunjwakunjwa hushika vikonyo vizuri, tena huoshwa na kutumiwa tena. Maua ya meza ya chakula yasipite kimo cha kidevu cha aliyeketi, maana watu wameketi hapo ili waonane. Maji yabadilishwe kila siku. Kazi hii ndogo ndiyo isahauliwayo zaidi.

Penye watoto, kuna mimea ambayo haifai kuingia ndani kamwe. Oleanda, na ule mti wa ua wenye maua makubwa yaning'iniayo kama tarumbeta, yote miwili ni sumu, jani na ua pia, na maji yaliyosimamishwa oleanda ni ya hatari kwa mtoto akiyanywa. Utomvu mweupe wa mimea ya jamii ya mnyaa huunguza macho. Aukataye mmoja wao na anawe mikono mara moja.

Katika nyumba ile ya Nakuru mawaridi matatu yalipangwa pamoja na zinia saba na kangaga kidogo. Binti aliliweka bakuli karibu na kapu la ndizi mbivu. Mama akalihamisha, kwa maana matunda yanayoiva hutoa hewa ambayo huyazeesha maua kabla ya wakati wake. Akaliweka penye mwanga, mbali na jua. Waridi la mwisho lilipukutisha petali zake siku ya Alhamisi. Zinia zilikuwa zingali wima.