Hita Mbovu Haingoji Mwisho wa Mwezi



Ndugu wasomaji wetu, wazazi na wanafunzi wa Arua, Koboko na West Nile yote kwa jumla, leo tunazungumzia jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni hita ya maji. Tukisema hita tunakusudia zote: koili ya kutumbukiza ndani ya ndoo, birika la umeme, shawa ya umeme, na tangi la maji moto kwa wale waliojaaliwa kuwa nalo. Na tunasema wazi tangu mwanzo: mkuu wa familia anayejua kwamba hita ya nyumbani kwake ni mbovu, akawaacha watu wake waendelee kuitumia, hana udhuru.

Maneno haya ni makali na tumeyakusudia yawe makali. Tumechoka kusikia "inapiga kidogo tu". Inapiga kidogo tu! Je, huyo anayesema hivyo amewahi kujiuliza kwa nini inapiga? Koili ni waya wa moto uliofunikwa kwa bomba la chuma. Bomba hilo likipasuka au likiliwa na kutu, umeme unaingia kwenye maji, na hapa Uganda umeme huo ni wa volti 240. Aliyevaa ndala kavu huenda akasikia mchomo mdogo mkononi. Mtoto wake, anayekuja nyuma yake peku juu ya saruji iliyolowa, anaweza asipate hata nafasi ya kupiga kelele. Hita ni ile ile na kosa ni lile lile. Tofauti ni ngozi iliyolowa na mguu usio na kiatu.

Basi na tujiulize, tabia hii ya kuvumilia ubovu tumeitoa wapi? Sisi tunaona kwamba imetokana na historia yetu wenyewe. West Nile ilikaa miaka mingi mbali na gridi ya taifa. Kampuni ya WENRECo ilianza kazi mwaka 2003 kwa jenereta, na bwawa dogo la Nyagak huko Zombo, la megawati 3.5, likaanza kutoa umeme mwaka 2012. Hata baada ya hapo umeme ulikuwa wa kuja na kuondoka. Mtu alinunua hita akaitumia siku mbili, kisha ikalala kabatini wiki nzima. Ilipoharibika hakuona hasara, kwani nani atamwita fundi kwa chombo ambacho hakina umeme wa kukiwasha?

Lakini mambo yamebadilika. Laini kubwa ya kilovolti 132 iliyopita Gulu na Nebbi imefika Arua. Hita ambayo zamani iliwaka mara moja moja sasa inaweza kuwashwa kila alfajiri. Nyaya zilizovutwa kwa ajili ya taa mbili na redio sasa zinabebeshwa shawa ya wati 4,500, ambayo peke yake inavuta karibu ampea 19. Umeme wetu umekua, lakini uangalizi wetu umebaki ule ule wa zama za giza. Hapo ndipo penye hatari, na ndiyo maana tunaandika.

Ishara za ubovu zinajulikana na hazihitaji msomi. Maji yanawasha mkono. Plagi inakuwa ya moto au inageuka rangi ya kahawia. Panasikika harufu ya plastiki inayoungua. Breka inaanguka kila hita inapowashwa. Maji yanachemka kupita kiasi kwa sababu thamostati imekufa, au valvu ya usalama ya tangi inachuruzika usiku na mchana. Na sisi tunafanya nini? Breka ikianguka tunairudisha kwa nguvu. Fyuzi ikikatika tunaweka kipande cha waya mahali pake. Valvu ikichuruzika tunaifunga kwa mpira! Ndugu zetu, hivyo vyote ni walinzi. Breka inapoanguka inakuonya. Valvu inatoa maji ili tangi lisipasuke. Anayemziba mlinzi mdomo asishangae mwizi akiingia.

Sasa tuzitazame hoja za wanaochelewesha.

Wa kwanza anasema hana pesa mpaka mwisho wa mwezi. Tunamjibu: hatukukuambia ununue mpya leo, tunakuambia uichomoe leo. Kuchomoa plagi hakuna bei. Kushughulikia tatizo upesi kunaanzia hapo, na fundi anafuata pesa ikipatikana. Lakini tunamwona huyu huyu anaongeza muda wa maongezi kwenye simu kila siku, na hita inaendelea kuwaka.

Wa pili, aghalabu yuko Koboko, anasema fundi mzuri yuko Arua. Sawa, lakini barabara ya lami ipo na magari yanapita kila siku. Koili na birika ni vyombo vya kubebwa mkononi, na anayekwenda Arua kwa biashara anaweza kuvipeleka. Jambo moja tu tunalosisitiza ni kwamba fundi awe na kibali. Mamlaka ya kusimamia umeme nchini, ERA, inatoa vibali kwa mafundi wa kufunga nyaya majumbani. Mwombe akuonyeshe chake, na umwambie akague kama waya wa ardhi upo na umefungwa. Bila waya huo, umeme unaovuja hutafuta njia nyingine, na njia hiyo yaweza kuwa mwili wa mwanao.

Wa tatu anasema tumeitumia mwaka mzima na hakuna aliyekufa. Hiyo si hoja. Waya unaoungua polepole unaungua kila siku, na siku ya mwisho haitangulizi taarifa.

Wa nne ndiye anayetusikitisha zaidi, kwani anasema kila kitu ni qadari. Ndiyo, tunaiamini qadari. Lakini ni Mwislamu gani asiyejua kisa cha yule bedui na ngamia wake, aliyeelekezwa amfunge kwanza ndipo ategemee? Kutegemea bila kufunga ni uvivu uliovaa kanzu.

Tuna neno pia kwa wenye nyumba za kupangisha na hosteli za wanafunzi. Mpangaji anapokuja kukuambia shawa inapiga, usimwambie "tutaona". Kodi yake unaipokea kwa tarehe, na malalamiko yake yapokee kwa tarehe. Na nyinyi wanafunzi, acheni mtindo wa koili moja kuzungushwa vyumba sita, plagi imevunjika na nyaya zimechomekwa kwenye soketi kwa vijiti vya kiberiti. Kuoga maji baridi asubuhi moja hakumuui kijana.

Huenda mtu akasema, basi tuzime hita na tusahau. Hapana. Hita ikikaa mbovu miezi mitatu, familia inaanza njia za mkato. Sufuria ya maji yanayotokota inabebwa kutoka jikoni hadi bafuni, katikati ya watoto wanaokimbia. Maji ya nyuzi 60 tu yanaweza kuunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa sekunde chache, na ya mtoto upesi zaidi. Au sigiri ya mkaa inaingizwa chumbani, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi ya alfajiri, ili maji ya udhu yawe tayari. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayomchukua mtu akiwa usingizini. Kwa wenzetu ambao nyumba zao hazina umeme na sigiri ndiyo hita yao, hukumu ni hiyo hiyo: sigiri iliyopasuka au inayoyumba itengenezwe leo, na ikae nje au penye hewa.

Tuseme pia lililo zito. Ni nani anayewasha hita nyumbani kwetu? Kwa kawaida si baba. Ni mama, ni binti, ni msaidizi wa kazi, ambaye akisema "inapiga" anaambiwa awe mwangalifu. Mwenye uwezo wa kuamua matengenezo si yeye anayetia mkono kwenye ndoo. Huu ni udhalimu mdogo unaofanyika ndani ya nyumba za watu wanaoswali, na mkuu wa familia ataulizwa juu ya wale walio chini yake.

Kwa hiyo usiku huu, kabla ya kulala, kila nyumba ifanye mambo matatu. Shika plagi ya hita baada ya kuichomoa uone kama ina moto au imebadilika rangi. Waulize mama na watoto kama maji yamewahi kuwawasha. Ikiwa jibu ni ndiyo, iweke juu ya kabati isiguswe mpaka fundi aione, na panga siku ya kumwona, si "siku moja". Pia watoto wafundishwe: hita inazimwa na kuchomolewa kwanza, ndipo mkono unaingia kwenye maji.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta hujengwa upya, mtoto hajengwi.