Polilaini si rundo la vijiti

Wasee, hii lazima isemwe. Kila nikifungua msimbo wa app ya ramani iliyoandikwa juzi juzi, napata polilaini, yaani ule mstari wa kupindapinda wa barabara au mpaka wa shamba, imehifadhiwa kama orodha ya vipande. Kila kipande na mwanzo wake na mwisho wake. Ati huo ndio usafi. Zii, huko ni kujitafutia shida.

Piga hesabu mwenyewe. Ruti ya matatu ina nukta 1000. Zipange kwa mfuatano, una nukta 1000, basi. Ihifadhi kama vipande, una vipande 999 na nukta 1998, kwa sababu kila kona ya katikati imeandikwa mara mbili: mwisho wa kipande hiki, mwanzo wa kile kinachofuata. Memori hata si hoja. Hoja ni kwamba kona moja sasa iko na nakala mbili, na hakuna anayejua ipi ndiyo ya ukweli. Sogeza moja, sahau ya pili, barabara imekatika. Na kompyuta hailalamiki! Inajumlisha urefu wa vipande kama kawaida, mwanya hauhesabiwi, na mtu wa boda anayelipwa kwa kilomita ndiye anaumia. Ukisema utakagua kama ncha zinagusana, unalinganisha desimali, na tunajua vile 0.1 + 0.2 hukataa kuwa 0.3 kamili kwa lugha nyingi za programu. Kwa orodha ya nukta, mwanya kama huo huwezi hata kuuandika ukitaka.

Najua jibu lenu: kutafuta mahali mistari inakatana kunahitaji vipande. Sawa, vitengeneze hapo hapo, nukta ya i na ya i + 1. Kila kipande kina kasi yake? Weka orodha ya pembeni. Hata AutoCAD, ambayo polilaini zake zinaweza kuwa na matao, huandika nukta, na kiasi cha kupinda kinakaa kwa nukta ambapo tao linaanzia. Kama matao yametoshea humo, barabara ya Rongai itakushindaje? Na ruti za matatu za Nairobi, zile za mradi wa Digital Matatus wa 2014, ziko kwa GTFS: kila safu ni nukta moja na namba yake ya mfuatano. Vijiti hakuna.

Mistari iliyofungwa ndiyo inaleta ubishi wa haki kidogo. GeoJSON inataka nukta ya kwanza ya poligoni irudiwe mwishoni. Kwa faili, sawa. Ndani ya programu weka alama ya ndiyo au hapana, imefungwa au la, na urudie nukta wakati wa kuandika faili pekee. La sivyo mmerudi kwa nakala mbili, tena mkijua.

Na tafadhali, nukta ipewe aina yake yenye majina, sio namba mbili uchi. GeoJSON inatanguliza longitudo, polilaini zilizofumbwa za Google zinatanguliza latitudo. Nairobi iko kama latitudo -1.29, longitudo 36.82. Zibadilishe nafasi, na matatu yako inaelea Mediterania, kati ya Uhispania na Algeria, abiria wote ndani.