Futikamba mbovu hula mtaji kimyakimya

Hakuna mfanyabiashara wa mpakani anayekubali kupimiwa mchele kwa jiwe la mizani lililotobolewa. Rusumo, Gatuna au Goma, mnunuzi huligeuza jiwe, hutafuta mhuri wa wakaguzi, ndipo hutoa fedha. Lakini mtu huyohuyo akitaka kiwanja Kigali, mara nyingi huridhika na futikamba iliyokatika ncha, ikivutwa na mtu asiyemjua.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi mahali kama Kimisagara, wilayani Nyarugenge. Mtaa huo uko jirani na Nyabugogo, penye soko na kituo cha mabasi yanayokwenda na kutoka nchi jirani. Nyumba zimebanana na zimepanda mlima. Hapo mita moja ndiyo njia ya kupita, au ndiyo ukuta wa jirani.

Kosa la kwanza liko kwenye kifaa. Mnyororo wa wapima ardhi, uliobuniwa na Mwingereza Edmund Gunter mwaka 1620, ulikuwa na pingili 100. Pingili zikipinda, mnyororo hupungua. Pete zikilegea, hurefuka. Futikamba za leo zina maradhi hayohayo: nyingine hunyumbuka, nyingine hukatika na kuungwa. Ikiwa futikamba inasoma mita 20 ilhali ina mita 19 na sentimita 90, kiwanja kinachoitwa cha mita 20 kwa 30 hakifikii mita za mraba 600. Ni 594. Sita zilizopotea zinatosha kibanda cha duka, na mnunuzi amezilipia. Futikamba ikirefuka, anayeumia ni muuzaji.

Kosa la pili ni la mlima, nalo linazidi la kwanza. Ramani huhesabu ardhi kana kwamba ni tambarare. Futikamba ikilazwa juu ya mteremko wa nyuzi 20, mita 20 za ardhini huwa mita 18.8 kwenye ramani. Upande wa pili ukiwa mita 30, mita za mraba 36 zimelipiwa na hazipo. Mpima anayeijua kazi huishika futikamba ikiwa imelala sawasawa, akashusha timazi, na kuteremka mlima hatua kwa hatua.

Wapo watakaosema Rwanda imekwisha kuandikisha ardhi yake. Ni kweli, na ni kazi ya kupongezwa: mpango wa nchi nzima, ulioshika kasi kuanzia 2009 hadi 2013, uliandikisha vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10. Lakini mipaka ilichorwa juu ya picha za angani, wenye ardhi na majirani wakiionyesha. Njia hiyo ilikuwa ya haraka na nafuu. Haikukusudiwa kuamua ugomvi wa nusu mita kati ya kuta mbili. Na ardhi hiyo ndiyo mfanyabiashara huiweka rehani benki anapokopa mtaji.

Ibara ya 15 ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 2010, imeacha umiliki wa ardhi chini ya sheria za kila nchi. Vipimo ni habari nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya viwango na vipimo tangu 2006, na mita ya Kigali haina sababu ya kutofautiana na ya Mwanza. Ofisi za ardhi ziweke hadharani, penye tambarare, alama mbili za kudumu zilizoachana mita 20, ili yeyote alinganishe kifaa chake. London iliweka vipimo vya namna hiyo Trafalgar Square mwaka 1876. Gharama yake ni saruji na vibamba viwili vya shaba.

Hadi zitakapowekwa, mnunuzi adai kipimo kirudiwe kwenda na kurudi, majirani wawepo, na namba ya kiwanja ikaguliwe ofisi ya ardhi kabla ya kulipa. Anayekagua mizani ya mchele asione haya kukagua futikamba ya kiwanja.