Kipya Kinyemi, Lakini Nani Amelipa?



Leo tuanzie Kithyoko, pale Masinga, Kaunti ya Machakos. Wewe unayesafiri barabara ya Thika kwenda Garissa unapajua. Kwa abiria wengi ni mahali pa kupita tu. Lakini siku moja shuka, tembea kidogo, utaona kile utakachokiona katika kila mji mdogo wa nchi hii: turubai limetandazwa chini, juu yake mlima wa nguo za mitumba, na watu wameinama wanachambua. Chukua blauzi moja tu. Geuza kola usome kile kijitambaa kilichoshonwa kwa ndani. Kimeandikwa Bangladesh, au China, au Uturuki. Nguo hiyo ilishonwa huko, ikavaliwa Ulaya pengine mara mbili tatu, ikatupwa, ikafungwa kwenye robota, ikavuka bahari, na sasa inauzwa shilingi hamsini kando ya barabara.

Hebu tujiulize pamoja: kitu kilichozunguka dunia nzima kinawezaje kuuzwa shilingi hamsini? Jibu ni kwamba bei yake ilishalipwa. Ila haikulipwa na aliyeinunua.

Tuanze na maji, manake wakazi wa Kithyoko hawahitaji kufundishwa thamani ya maji. Sehemu hiyo ni kame. Mtungi wa lita 20 unahesabiwa, unabebwa, unalindwa. Sasa sikia: kutengeneza tisheti moja ya pamba, kuanzia shambani mpaka dukani, kunakadiriwa kutumia lita 2,700 za maji. Hiyo ni mitungi 135. Familia ingekaa na maji hayo kwa muda gani? Na wewe kabatini una tisheti ngapi ambazo hujazivaa tangu Idi iliyopita?

Usidhani ni hesabu ya kwenye karatasi. Bahari ya Aral, kati ya Uzbekistan na Kazakhstan, nchi zenye ndugu zetu Waislamu wengi, ilikuwa moja ya maziwa makubwa kabisa duniani. Kuanzia miaka ya 1960 mito miwili iliyokuwa ikiilisha iligeuzwa kunyweshea mashamba ya pamba. Leo sehemu kubwa ya bahari hiyo ni jangwa la chumvi. Mji wa Moynaq uliokuwa bandari ya wavuvi una meli zilizokwama mchangani, zinaota kutu. Wavuvi walikosa kazi, upepo ukaanza kubeba vumbi la chumvi na dawa za mashambani mpaka majumbani mwa watu.

Tukitoka kwenye maji, twende kwa watu.

Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar, karibu na Dhaka, liliporomoka. Walikufa watu 1,134, na wengine zaidi ya 2,000 wakajeruhiwa. Wengi wao walikuwa wanawake vijana, mafundi wa kushona nguo za maduka ya Ulaya na Marekani. Jambo linalouma zaidi ni hili: nyufa zilionekana siku moja kabla. Wafanyakazi wa benki iliyokuwa kwenye jengo hilohilo waliambiwa wasirudi kazini. Mafundi wa nguo waliambiwa warudi, manake kulikuwa na oda za kumaliza. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale hawakupewa hata nafasi ya kuujenga.

Nenda Xinjiang, magharibi mwa China. Karibu moja ya tano ya pamba yote ya dunia imekuwa ikitoka huko. Ni ardhi ya Wauyghur, Waislamu wenzetu. Agosti 2022, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti ikisema kwamba ukiukaji mkubwa wa haki umefanyika huko, na kwamba huenda kuwafungia watu kiholela kukawa ni jinai dhidi ya ubinadamu. Serikali ya China inakanusha. Lakini tangu Juni 2022 sheria ya Marekani inachukulia kwamba bidhaa yoyote kutoka Xinjiang imetengenezwa kwa kazi ya kulazimishwa, mpaka muagizaji athibitishe vinginevyo. Sisi tunaosimama kuwaombea dua ndugu zetu, je, tumewahi kuuliza pamba ya shati tulilovaa tukiomba dua hiyo ilivunwa na nani?

Na usiseme hayo ni ya mbali. Hapa hapa Kaunti ya Machakos, kaunti ileile ya Kithyoko, kuna Athi River na viwanda vyake vya EPZ. Humo nguo zimekuwa zikishonwa kwenda Marekani chini ya mpango wa AGOA ulioanza mwaka 2000. Hatusemi viwanda hivyo ni vibaya. Vimewapa maelfu ya vijana mshahara. Tunasema elewa jinsi mambo yanavyokwenda. Duka la ng'ambo likitaka nguo ishuke bei na ifike haraka, presha hiyo haiishii kwa mwenye kiwanda. Inashuka mpaka kwa dada aliyekaa kwenye cherehani akihesabiwa vipande kwa saa. Kila shilingi unayoona umepunguziwa dukani, kuna mahali imekatwa.

Sasa tuje kwenye robota lenyewe.

Mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba. Uchunguzi wa shirika la Changing Markets Foundation uliotolewa mwaka 2023 ulikadiria kwamba mwaka 2021 pekee ziliingia zaidi ya nguo milioni 900, na huenda nusu yake zilikuwa hazifai kuvaliwa tena. Wafanyabiashara wa mitumba wanazipinga hesabu hizo, na wana haki ya kusikilizwa. Lakini muulize mama yeyote anayefungua robota. Atakwambia kuna kamera, zile nguo safi zinazogombaniwa asubuhi, na kuna fagia. Fagia ni zilizochanika, zenye madoa, zilizochakaa. Mama alilipa kwanza, akafungua baadaye. Robota likija na fagia nyingi, hasara ni yake, si ya aliyelipakia kule Ulaya.

Na fagia huenda wapi? Pale Gikomba nyingine huishia kando ya Mto Nairobi, nyingine kwenye jalala la Dandora, ambalo lilitangazwa kuwa limejaa tangu mwaka 2001 na bado linapokea taka mpaka leo. Nyingi ya nguo hizo ni poliesta, yaani plastiki, jamaa wa ile mifuko ya plastiki tuliyopiga marufuku mwaka 2017. Tulifunga mlango wa mbele kwa mfuko, plastiki ikaingia mlango wa nyuma ikiwa imevaa mikono na vifungo. Haiozi. Ikichomwa, moshi wake unavutwa na mtoto anayekaa pale, ambaye hata hiyo nguo hakuivaa.

Hapa tuwe wakweli. Kuna watakaosema: basi tupige marufuku mitumba. Polepole. Inakadiriwa watu karibu milioni mbili nchini wanakula kupitia biashara hii: wenye vibanda, wabeba mizigo, mafundi, wafuaji na wapiga pasi. Mwaka 2020 serikali ilisimamisha uingizaji kwa miezi kadhaa kwa sababu ya korona, na walioumia kwanza ni hao. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuzitoa kwenye AGOA, Kenya ikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani mwaka 2018. Kwa hivyo ukiona mama ametandaza nguo Kithyoko, usimuone yeye ndiye tatizo. Yeye amepewa mwisho wa kamba aliyoanza kuivuta mtu mwingine.

Tatizo ni ile tabia ya kutengeneza nguo nyingi kuliko watu wanavyohitaji, za kuvaliwa mara chache, kisha kuwatupia wengine mzigo. Kati ya mwaka 2000 na 2015 utengenezaji wa nguo duniani uliongezeka karibu mara mbili. Je, miili yetu iliongezeka mara mbili?

Na tabia hiyo, ndugu yangu, imeshaingia kwetu. Tusijitoe. Ramadhani ikifika kumi la mwisho, wengine tuko msikitini, wengine tuko Islii tunatafuta abaya ambayo fulani hajaivaa. Nida hiyo inayong'aa nayo ni poliesta. Kanzu mpya kila Idi, mtandio mpya kila harusi, kwa sababu picha ya mwaka jana ishawekwa mtandaoni na haiwezi kurudiwa. Kuna msichana anayekosa kwenda kuswali Idi kwa kuona haya, manake hana nguo mpya. Hapo kujistiri kumegeuka kushindana. Kuvaa vizuri siku ya Idi ni sunna, hakuna anayeikataza. Lakini nzuri si lazima iwe mpya. Israfu tumekatazwa, hata kwenye vya halali. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe ikichanika. Sisi kifungo kikitoka tunatupa shati.

Basi tufanye nini?

Kwanza, nunua kidogo na uivae sana. Kabla hujalipa, jiulize: nitaivaa hii mara thelathini? Kama jibu ni hapana, rudisha.

Pili, mpelekee fundi kazi. Kila mji una fundi mwenye cherehani kibarazani. Kupunguza, kutia kiraka, kubadilisha zipu, kugeuza kanzu ya kaka iwe ya mdogo wake: hiyo ni riziki inayobaki mtaani kwako.

Tatu, ukitoa sadaka ya nguo, toa unayoweza kuivaa mwenyewe. Usimfanye maskini wa Kithyoko au wa Garissa kuwa jalala lako. Ukifanya hivyo umefanya kilekile tunachowalaumu wazungu.

Nne, dai haki yako. Katiba ya 2010 haikuandikwa kwa ajili ya mawakili tu. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa uadilifu kazini na kulipwa ujira wa haki. Cha 42 kinakupa mazingira safi na salama. Cha 43 kinakupa maji safi ya kutosha. Na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka anayeleta bidhaa sokoni awajibike mpaka inapokuwa taka. Muulize MCA wako: taka za nguo za soko letu zinakwenda wapi? Muulize mbunge: kwa nini fagia inaruhusiwa kupita bandarini Mombasa? Na muulizeni gavana kwa nini pamba ya Ukambani isirudi. Jirani zetu wa Kitui walianzisha kituo chao cha kushona nguo pale Syongila mwaka 2018. Kumbe inawezekana.

Turudi Kithyoko tulikoanzia. Ile blauzi ya shilingi hamsini bado iko mkononi mwako. Kama unaihitaji, inunue, mlipe mama bila kumbania, uivae mpaka ichoke. Kama huihitaji, iache pale pale. Ila usiishike tena ukaiita rahisi. Kuna fundi wa Savar, kuna mvuvi wa Moynaq, kuna mtoto wa Dandora, wote walishailipia kabla yako. Na siku ya hesabu tutaulizwa mali tuliipata wapi na tuliitumia katika nini. Nguo nazo zimo humo.

Mpelekee ujumbe huu ndugu yako mmoja kabla hajaenda sokoni.

Wabillahi tawfiq.