Nahodha Akilala

Methali isemayo "Manahodha wengi, chombo huenda mrama" haikosi katika insha za wanafunzi wetu. Aghalabu huletwa kuthibitisha kwamba penye watu wawili sharti mmoja aamuru na mwingine atii. Juzi mwanafunzi wangu mmoja aliitumia kuhusu ndoa. Nahodha, aliandika, ni mume. Nami nikamwandikia pambizoni: Je, nahodha akilala?

Swali hilo si mzaha. Wapo wanandoa wanaouza nyumba, wakanunua mashua ya matanga na kuvuka bahari kuu wakiwa wawili tu. Majuma matatu huweza kupita bila ya kuona nchi kavu. Huko nanga haifiki chini, hivyo chombo hakisimami usiku. Watu hao hugawana zamu za saa tatu au nne, na yule aliye macho ndiye nahodha, apende asipende, mpaka amwamshe mwenziwe. Mke aliyefunzwa kupika tu chomboni si baharia bali ni abiria, na mume wa abiria hapati usingizi.

Wasomaji wengi watawakumbuka Paul na Rachel Chandler, Waingereza waliotekwa na maharamia wa Kisomali Oktoba 2009 wakitoka Ushelisheli kuja Tanzania. Maharamia walipopanda chomboni usiku wa manane, Paul alikuwa amelala. Zamu ilikuwa ya Rachel. Walishikiliwa siku 388 hadi Novemba 2010. Watekaji walipotaka kuwatenganisha walikataa, wakapigwa. Mwaka 2012 walitweka tena matanga katika mashua ile ile. Wako watakaouita huo ukaidi. Mimi nauona kuwa uamuzi wa watu wawili wenye haki sawa ya kuamua.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Maurice na Maralyn Bailey. Machi 1973 nyangumi aliitoboa mashua yao katika Bahari ya Pasifiki, ikazama. Maurice ndiye aliyekuwa hodari wa kusoma nyota na ramani. Maralyn hakujua hata kuogelea. Hawakuwa na redio ya kuomba msaada. Walielea siku 117 kwenye boya la mpira na kihori, huku meli zikiwapita bila kuwaona. Maurice alikata tamaa. Maralyn alikunja pini kuwa ndoana, akavua samaki, akagawa chakula, akatunga michezo ya kupitisha siku, na hata akaanza kupanga mashua yao ijayo! Hakuna aliyemtawaza. Meli ya wavuvi wa Korea ilipowaokoa mwishoni mwa Juni, wote wawili walikuwa hai, na Maurice mwenyewe alikiri baadaye ni kwa uongozi wa nani.

Je, methali yetu imekosea? La hasha. Manahodha wanaoamuru kwa wakati mmoja dhoruba ikivuma ni maangamizi. Ndiyo maana maneno hupatanwa mapema, bandarini: nani atashika usukani, nani atapunguza tanga, na jambo gani humfanya aliyelala aamshwe bila kuulizwa sababu.

Tena liko la kupatanwa kabla ya hayo yote, nalo ni safari ya nani. Mara nyingi ndoto huwa ya mmoja, na mwenziwe huacha kazi, mama na marafiki ili aifuate. Ugomvi wao hausababishwi na mawimbi, ingawa mawimbi ndiyo yanayolaumiwa. Lin na Larry Pardey, waliozunguka dunia kwa mashua isiyo na injini, walikuwa na sharti jepesi: wangeendelea maadam safari ingali inawafurahisha. Larry alipata riziki kwa useremala wa mashua, Lin kwa kalamu yake. Hakuna aliyekuwa mzigo wa mwenziwe.

Neno nahodha tulilipata kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni bwana wa chombo. Lakini lilipofika kwetu liliingia ngeli ya A-WA, ambayo haiulizi mtu kama ni mume au mke.

Insha ile ingali mezani pangu. Kisarufi haina dosari, na alama sijaitia.