Bendi Ndogo Ipunguze Chombo Kipi?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malezi, matumizi ya fedha na masikilizano kati ya mume na mke. Mwezi huu tutazungumza habari za magitaa na dramu. Usiharakishe kufunua ukurasa mwingine, kwa maana ndani ya habari hizi mna ada ya shule na undugu pia.

Msomaji wetu mmoja ametuandikia kwamba mume wake ana bendi ndogo inayopiga muziki wa kantri, yaani ule muziki wa watu wa mashambani huko Marekani, ambao wengi wetu tuliujua kwa sauti ya Jim Reeves redioni. Wako watano. Mume anaimba na kupiga gitaa. Shemeji, mdogo wake mume, anapiga gitaa la pili. Jirani yao yuko kwenye kinanda, kijana mmoja anapiga besi, na mpwa wao anapiga dramu. Wanaalikwa kwenye harusi na tafrija ndogo, lakini wakishalipa gari la kubebea vyombo na kugawana kilichobaki, kila mmoja anarudi nyumbani na fedha kidogo sana. Mume anasema lazima wapungue. Papo hapo anataka kuchukua fedha za akiba anunue gitaa la stili, lile linalolala juu ya miguu yake kama meza na kutoa sauti ya kulialia, kwa sababu anaamini bila hilo kantri si kantri. Mama huyu anauliza: "Bendi kama hii inaweza kuacha vyombo gani? Naogopa atakayeachwa ni shemeji yangu, na nyumba itaingia ugomvi."

Hili ni swali zuri, wala si la wanaume peke yao. Fedha ni za nyumba, na shemeji ni wa nyumba.

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili: tusianze kwa kuhesabu vyombo. Tuanze kwa kuhesabu kazi. Katika wimbo wa kantri kuna kazi nne au tano tu. Kuna sauti inayosimulia hadithi. Kuna mapigo yanayoushika mwendo. Kuna sauti nzito ya chini ambayo wimbo unasimama juu yake. Kuna milio ya kati inayoijaza nyumba. Halafu kuna chombo kimoja kinachojibu mwimbaji anapovuta pumzi. Kazi hizo zikitimizwa, msikilizaji hapungukiwi na kitu, hata kama jukwaani wako wawili. Zisipotimizwa, hata wakiwa kumi atasikia kelele tu.

Wanaoutukuza muziki huu hupenda kuutaja mji wa Bristol, ulio mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia. Mwezi Julai 1927 alifika pale mtu wa kampuni ya santuri aliyeitwa Ralph Peer, akitafuta waimbaji wa vijijini. Tarehe 1 Agosti akaja A.P. Carter pamoja na mkewe Sara, na Maybelle, ambaye alikuwa binamu ya Sara na pia mke wa ndugu yake A.P. Maybelle alikuwa na miaka 18, tena mjamzito; mtoto alizaliwa mwezi uliofuata. Vyombo vyao vilikuwa viwili tu, na vyote viwili vilikuwa mikononi mwa wanawake. Sara alipiga otohapu, kisanduku bapa chenye nyuzi nyingi na vitufe vya kukandamiza, huku akiongoza kuimba. Maybelle alipiga gitaa. A.P. aliitikia kwa sauti nzito pale alipojisikia.

Je, kazi zote zile zilifanywaje na vyombo viwili? Siri ilikuwa katika kidole gumba cha Maybelle. Kwa kidole hicho alipiga sauti ya wimbo kwenye nyuzi nene za chini, na kwa vidole vingine akakwaruza nyuzi nyembamba za juu ili kushika mwendo. Gitaa moja likawa besi, likawa mwendo, na likawa mwimbaji wa pili. Mtindo huo ulikuja kuigwa na wapiga gitaa wengi sana wa Marekani. Mama yeyote aliyewahi kukoroga uji kwa mkono mmoja huku mtoto yuko mgongoni anaelewa jambo hili bila kufundishwa muziki.

Siku chache baadaye, tarehe 4 Agosti, akaingia Jimmie Rodgers katika chumba kile kile. Alikuwa amefika Bristol na wenzake wa bendi, lakini walikosana juu ya jina litakaloandikwa kwenye santuri, wakaachana kabla ya kurekodi. Rodgers aliingia peke yake na gitaa lake. Huyo wa peke yake ndiye aliyekuja kuitwa baba wa muziki wa kantri. Santuri zake zilisafiri mpaka huku kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alirekodi nchini Kenya wimbo wa wasichana wa Kipsigis ulioitwa Chemirocha, na jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers. Wasichana hao waliimba kwa kufuatwa na kinubi cha kwao. Mtu mmoja na gitaa moja walitosha kuvuka bahari.

Sasa turudi kwenye bendi ya watano, tukipime chombo kimoja kimoja.

Sauti na gitaa la mwimbaji. Hivi haviguswi. Kantri ni muziki wa maneno. Watu wanataka kusikia nani alimwacha nani, na mama alisema nini mlangoni. Chombo chochote kinachoyafunika maneno kina kesi ya kujibu.

Gitaa la pili. Likikwaruza yale yale yanayokwaruzwa na la kwanza, halihitajiki. Lakini tazama vizuri hapa: lisilohitajika ni kazi inayorudiwa, si mtu anayeifanya. Mjini Memphis, katikati ya miaka ya 1950, Johnny Cash alikuwa akipiga na mafundi wawili wa magari, Luther Perkins na Marshall Grant. Wote watatu walikuwa na magitaa ya kawaida, na wote walikwaruza mamoja. Hawakufukuzana. Waligawana kazi: Perkins akachukua gitaa la umeme, na Grant, ambaye hakuwahi kupiga besi, akajifunza besi. Perkins hakuwa mwepesi wa vidole, akawa anapiga nota chache, moja moja, kwa mwendo wa garimoshi. Uchache huo ndio uliowatambulisha duniani.

Dramu. Katika ukumbi mdogo hiki ndicho chombo cha kwanza cha kufikiriwa kuachwa. Nalo si jambo geni: kwa miaka mingi dramu hazikukaribishwa katika jukwaa la Grand Ole Opry la Nashville, lililoanza mwaka 1925. Bill Monroe wa Kentucky aliijenga bendi yake bila dramu kabisa. Mandolini yake ilipigwa kwa kukatwa ghafla katikati ya mapigo ya besi, ikafanya kazi ya dramu ndogo. Cash naye aliporekodi "I Walk the Line" mwaka 1956 alipenyeza karatasi kati ya nyuzi za gitaa lake, likatoa mlio wa kuchakacha kama wa dramu. Karatasi haina gharama. Dramu, kinyume chake, zina gharama iliyojificha: zikipigwa kwa nguvu, magitaa yanaongezwa sauti, mwimbaji naye anataka spika kubwa zaidi, na gari dogo halitoshi tena.

Besi. Hii usiiache upesi. Watu wengi hawaisikii ikiwapo, lakini ikikosekana wanahisi wimbo umekosa sakafu. Besi na gitaa, kila kimoja kikipiga kwa zamu, tayari ni mwendo wa kuchezeka. Unaweza kuiacha tu ikiwa mpiga gitaa ana gumba kama la Maybelle.

Kinanda. Hiki hujaza pale pale panapojazwa na gitaa. Kikiwa na mpigaji anayejua kunyamaza, ni baraka. Asiyejua kunyamaza atawajazia kila nafasi. Pia mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unaweza kushika besi siku ambayo mpiga besi hayupo.

Gitaa la stili, fidla, mandolini au kinanda cha mdomo. Vyote hivi vina kazi moja: kumjibu mwimbaji. Bendi ndogo yahitaji kimoja tu. Viwili vikijibu kwa pamoja ni kama watu wawili wanaomjibu mgeni mmoja mlangoni. Gitaa la stili la kisasa, lile la kukanyaga kwa miguu, ni tamu sana. Lakini ni ghali, ni zito, na kujifunza kwake ni kazi ya miaka. Kama bendi ingekuwa nalo tayari na mpigaji wake ni hodari, ningesema mlitunze hilo na muache mengine. Kuchukua akiba ya nyumba kununua chombo ambacho hakuna anayejua kukipiga ni jambo jingine. Gitaa la umeme linaweza kuuvuta uzi kwa kidole likatoa kilio kinachokaribia kile. Cash na wenzake walikuwa na mpiga stili pale mwanzoni. Alipojiondoa, hawakutafuta mwingine, na hakuna aliyelalamika. Wahenga walisema, heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.

Tuseme kweli pia kwamba uchache haufai kila mahali. Katika miaka ya 1930 huko Texas na Oklahoma, Bob Wills alipiga kwenye kumbi kubwa za dansi, na alihitaji dramu na tarumbeta ili mtu aliye mlango wa nyuma asipotee hatua. Anayealikwa kwenye dansi la usiku kucha asiende na gitaa na karatasi. Tazama ukumbi kwanza, halafu ndipo uhesabu watu.

Wala msiogope kuonekana maskini. Mwaka 1975 Willie Nelson alitoa santuri yake ya "Red Headed Stranger", yenye gitaa lake kuukuu, piano ya dada yake Bobbie na vyombo vichache vingine. Wakubwa wa kampuni walidhani ni jaribio tu, kwamba kazi yenyewe ingekuja baadaye. Watu waliinunua kwa wingi mno.

Kwa mama aliyetuandikia, na kwa wengine wenye jambo kama hili, nashauri hivi:

1. Waombe wapige wimbo mmoja wanaoupenda, mwimbaji akiwa na gitaa lake tu. Kisha aongezeke mmoja mmoja. Wewe na watoto kaeni mbali kidogo, msikilize.

2. Baada ya hapo, kila chombo kinyamaze kwa zamu. Mkiona wimbo umepungukiwa, chombo hicho kina kazi. Msipoona tofauti, kimekuwa abiria.

3. Mwenye chombo kilicho abiria aulizwe kwanza, "Waweza kufanya kazi gani nyingine?" Shemeji aweza kujifunza kumjibu mwimbaji kwa nota chache, au kuimba sauti ya pili. Sauti ya pili haibebwi na gari wala haihitaji umeme.

4. Mpwa wa dramu abaki na dramu moja ndogo na brashi, au aende tu kwenye shughuli kubwa. Aambiwe mapema na aelezwe sababu, asije akasikia kwa watu.

5. Mambo ya kununua yazungumzwe na mume na mke usiku, watoto wakiwa wamelala, daftari la matumizi likiwa mezani. Ada ya shule itengwe kwanza. Baada ya miezi kadhaa ya bendi iliyopungua, hesabu yenyewe itasema kama gitaa la stili linaweza kununuliwa kwa fedha za bendi, pasipo kugusa za nyumba.

Mama, usiende kwa mumeo na neno la "acheni huo muziki". Mtu anayeimba jioni baada ya kazi ana kitu kizuri nyumbani mwake. Nenda na swali: "Kila mmoja wenu anafanya kazi gani ndani ya wimbo?" Swali hilo halimfukuzi mtu, na atakayelijibu kwa uaminifu atajua mwenyewe kipi cha kuacha nyumbani.

Maybelle aliendelea kupiga gitaa mpaka uzeeni na kuwafundisha binti zake watatu. Mmoja wao, June, aliolewa na Johnny Cash mwaka 1968. Familia ya vyombo viwili na bendi ya karatasi kati ya nyuzi zikawa nyumba moja.