Mwashi wa Ikola na Chombo cha Kazi: Mzigo Upimwe Kabla ya Deni

Ndugu zetu katika imani, leo tumeona tuzungumzie chumo la wenzetu mafundi uashi, hususan wa Ikola, kule ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mkoani Katavi. Kijana akishakamilisha nyumba mbili tatu na kupata vibarua wake, fikra ya kwanza humpeleka kwenye gari. Kutaka chombo ni haki yake. Tunaloomba ni kwamba hesabu itangulie.

Tofali la saruji la inchi 6 lina uzito wa kilo 30 hivi. Suzuki Carry ndogo, hii tuliyoizoea kwa jina la kirikuu, imeundwa kubeba kilo 350, yaani matofali 11 au mifuko 7 ya saruji. Mita moja ya ujazo ya mchanga huzidi tani moja na nusu, nayo itaichosha kirikuu kwa safari tano. Wapo watakaotucheka, kwani kila siku wanaiona ikipita na mifuko 20. Ni kweli inapita. Lakini springi zimelala, breki zinashindwa mteremkoni, na juu ya mifuko hiyo wameketi vibarua ambao ni watoto wa watu. Tajiri anayewapandisha hapo amebeba dhima yao, hata kama wamepanda kwa ridhaa.

Canter ya tani mbili hubeba matofali 60 na zaidi, na hapo ndipo wengi wanapotekwa. Hebu tujiulize, mwashi wa kijijini husafirisha nini kila siku? Tofali la kuchoma hufyatuliwa na kuchomwa palipo na udongo wake, mara nyingi hatua chache kutoka kiwanjani. Kinachosafiri ni mwiko, timazi, pima maji, machepe, mbao za jukwaa, madumu ya maji na mifuko michache ya saruji. Kwa mzigo huo guta la injini, lile la matairi matatu na bodi nyuma, latosha kabisa, mradi lisijazwe kwenda juu, maana hupinduka konani. Siku ya kuleta shehena ya saruji kutoka Mpanda akodi lori, na gharama yake iwekwe wazi katika mapatano na mwenye nyumba. Hiyo ndiyo rai yetu, ingawa tunajua guta halina fahari mbele ya majirani.

Liko zito zaidi ya hilo, nalo ni fedha. Katavi ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Tofali bichi likinyeshewa hurejea kuwa tope, na tanuri hukaa baridi. Deni halina msimu. Hudaiwa Januari kama lilivyodaiwa Agosti. Aliyechukua mkopo wa riba, tena wa aina hii ambayo wananchi wenyewe wameiita kausha damu, huikuta Januari hana kazi. Chombo huchukuliwa, nyumba ikabaki na deni, na ada ya mtoto ikakosekana.

Uharamu wa riba umebainishwa katika Suratul Baqara, aya ya 275, nasi hatuna la kuongeza. Zamani mtu aliweza kujitetea kuwa hana mlango mwingine. Utetezi huo umepungua nguvu. Amana Bank, benki ya kwanza nchini kuendeshwa kikamilifu kwa misingi ya sharia, ilianza mwaka 2011, na CRDB ikaanzisha huduma zake za Al Barakah mwaka 2021. Katika murabaha benki hununua chombo, hukimiliki, kisha humuuzia mteja kwa bei yenye faida iliyotajwa tangu mwanzo. Hata hivyo murabaha nayo ni deni. Anayeiendea aombe malipo makubwa yaangukie Mei hadi Oktoba, na akikataliwa, ni bora aendelee kukodi mwaka mmoja zaidi huku akiweka akiba.

Wapo pia wanaonunua kwa shirika, fundi na ndugu yake, au fundi na shemeji. Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, lakini sisi huoneana haya. Kadi ya gari husoma jina la mmoja. Siku akifariki, mwenzake hudai nusu bila karatasi, na wajane na mayatima huona anawadhulumu mirathi, ilhali pengine anasema kweli. Iandikwe hati mbele ya mashahidi wawili: nani katoa kiasi gani, nani anaendesha, matengenezo yatatoka mfuko upi. Na nakala ikae mikononi mwa mke wa kila mshirika.